Vikapu vya Nunguni Katika Daraja la Biashara

Siku yangu ya kwanza kazini nilirudishwa mlangoni mara tatu kwa sababu ya namna nilivyotembea. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, katika chumba cha mafunzo cha shirika la ndege pale Embakasi. Nilikuwa na miaka ishirini, viatu vya kuazima, na cheti cha kidato cha nne nilichokikunja hadi kikaanza kukatika. Mkufunzi wetu alikuwa pasa mstaafu. Pasa ndiye mkuu wa wahudumu ndani ya ndege, na huyu alikuwa amezeeka katika kazi hiyo mpaka akawa anapanga hata viatu vyake kama glasi. Alinipa trei yenye glasi sita za maji akaniambia nivuke chumba. Nilivuka bila kumwaga hata tone, nikasimama nikingoja sifa.

"Rudi mlangoni," alisema. "Unatembea kama umebeba kuni."

Kuni nilikuwa nimebeba kweli, tena kwa miaka mingi. Kwetu Nunguni, huko juu Makueni, mzigo wa mwanamke hukaa mgongoni na ukanda wake wa ngozi hupita kwenye paji la uso. Msichana aliyelelewa hivyo huinama mbele kidogo hata akiwa mikono mitupu. Wiki mbili nzima pasa alinisimamisha visigino na mabega yakigusa ukuta, kisha akanitembeza nikiwa nimenyooka hivyo hivyo, na wasichana wa mjini walicheka mpaka wakashikana.

Lakini zamu ya kucheka ilinifikia. Siku ya kwanza angani tulianza kazi ndege ikiwa bado inapanda, na ndege inapopanda sakafu yake ni mlima. Troli, lile kabati la magurudumu linalobeba vyakula, lina uzito wa gunia la mahindi. Wenzangu walisukuma wakiwa wamenyooka kama walivyofundishwa, na troli likawarudisha nyuma. Mimi niliinama kama ninayepanda kutoka mtoni na troli likaenda. Yule pasa mstaafu, aliyepanda nasi kutukagua, aliona.

"Sawa," akasema. "Inama ukisukuma, nyooka ukihudumia."

Nimefundisha vijana wengi baadaye, na bado sijapata sentensi ya kuishinda hiyo.

Siku hizo ndege ilikuwa na madaraja mawili tu. Mbele kulikuwa na daraja la kwanza, ambako nyama ilikatwa mbele ya abiria na vijiko vilikuwa vizito. Nyuma kulikuwa na daraja la kawaida, ambako kila kitu kiliwekwa kwenye trei moja: nyama, saladi, keki, siagi na skonzi moja iliyofungwa kwa plastiki. Tuliiita huduma ya trei moja. Uzuri wake ni kwamba ilikwenda haraka. Ubaya wake ni kwamba abiria alijisikia kama mwanafunzi wa bweni. Nilikaa huko nyuma miaka sita, kwanza safari za Mombasa na Kisumu, kisha za Ulaya, nikajifunza kwamba mtu akiwa angani analalamikia skonzi ngumu kuliko anavyoogopa radi.

Msimamizi wetu wa zamu wakati huo alikuwa mama mmoja aliyekagua kucha zetu kabla ya kila safari. Alikuwa mkali, na mimi nilimpenda. "Abiria hamkumbuki rubani," alikuwa akisema. "Anamkumbuka yule alimnyima maji."

Katikati ya miaka ya themanini mambo yakabadilika. Wafanyabiashara walikuwa wakilipa nauli kamili ya daraja la kawaida ili waweze kubadilisha safari yao wakati wowote. Halafu walijikuta wamekaa bega kwa bega na watalii waliolipa nusu ya nauli hiyo na ambao waliimba njia nzima. Walilalamika, na walikuwa na haki. Mashirika ya nje yalikwisha kuanza daraja la tatu kati ya yale mawili. Sisi tulianza kwa kutundika pazia na kuacha kiti cha katikati kitupu, tukaliita daraja la biashara. Abiria hawakudanganyika. Mmoja aliniuliza kama nyuma ya pazia kuna mgonjwa.

Ndipo shirika likaamua kufanya kazi ya kweli. Viti vipya vililetwa, vipana, vyenye mahali pa kuegemeza miguu. Nafasi ya magoti, yaani umbali kutoka kiti hadi kiti, iliongezwa. Tukapewa taulo ndogo za moto tulizozitoa kwa koleo, na sahani za udongo badala ya plastiki. Aliyesimamia yote alikuwa Meneja wa Huduma, mtu aliyetoka kwenye hoteli kubwa za pwani. Mfukoni mwake hapakukosa futi ya chuma, ile inayojikunja yenyewe, na alipima kila kitu. Nilimwona siku moja akipima tabasamu la mhudumu. Hakucheka, kwa hiyo sijui hadi leo kama ulikuwa utani.

Alituita wahudumu saba ofisini akasema kila kitu kiko tayari isipokuwa kimoja. Alitaka abiria, anapowekewa trei, aone kitu kinachotoka hapa kwetu.

Mdomo wangu ulinitangulia. "Mama yangu anasuka viondo," nilisema, yaani vile vikapu vyetu vya mkonge.

Alitoa futi. "Vikapu vidogo vya mkate," alisema akipima hewa. "Inchi tano kila upande, kina inchi mbili. Skonzi moja ndani, kushoto kwa trei. Nataka mia mbili kwa miezi mitatu. Vikija vizuri, wewe ndiye pasa wa hii daraja. Vikija vibaya, utarudi nyuma kwa trei moja na hatutaongea tena mambo ya viondo."

Miaka kumi na miwili nilikuwa nimengoja kuitwa pasa. Nilitoka ofisini miguu haigusi sakafu, na Jumamosi hiyo nikapanda Nunguni.

Mama alikuwa kiongozi wa mwethya wao, kikundi cha wanawake kumi na wawili waliolimiana mashamba na kusukiana viondo kwa zamu. Nilikata karatasi ngumu kwa kipimo kamili, inchi tano kwa tano, nikamwachia. Wakati huo kikundi kilikuwa na kazi nyingine ya mteja wa vikapu vya watalii, na baadhi ya wanawake hawakutaka kuiacha. Mama alikwenda nyumba kwa nyumba kuwashawishi. Aliponisindikiza barabarani alinishika mkono.

"Nimewaambia hii ni ya ndege," alisema. Tulizungumza Kikamba; hapa naandika kwa Kiswahili. "Wameacha kazi ya watu kwa sababu ya neno langu. Usije ukaniaibisha."

Fundi wao mkubwa alikuwa Kalunde, rafiki wa mama, aliyeolewa Nunguni kutoka Kyuso, mbali kaskazini mwa Kitui ambako jua halina mzaha. Wanawake wa kwetu huanza kitako cha kiondo kwa nyuzi zilizopishana tu. Kalunde alianza kwa fundo dogo la uzi mweusi, kama kitovu, halafu akazungusha mkonge kutoka hapo. Walimtania miaka yote kwamba vikapu vyake vimezaliwa, vya wengine vimefumwa. Yeye aliendelea na fundo lake.

Baada ya wiki kumi magunia manne yalifika Nairobi juu ya lori la kabichi. Niliyafungua katika stoo ya shirika, Meneja akiwa kando yangu na futi yake mkononi. Vikapu vilikuwa vizuri kupindukia. Mkonge ulisokotwa laini, rangi ya magome ilikuwa kahawia iliyotulia, na mishono ilibana kiasi cha kushika maji. Ila kila kimoja kingeweza kulaza kuku na vifaranga wake.

Meneja aliweka kimoja juu ya trei. Trei haikuonekana tena. Alianza kuvuta futi, kisha akaiacha ijikunje bila kupima.

"Hii ni ya kubeba viazi," alisema. "Rudisha. Ijumaa ijayo tuna safari ya majaribio na wageni. Nitanunua vya plastiki."

Sikulia hapo. Nililia chooni, kisha Jumamosi nikaenda nyumbani nimefura.

Niliwakuta mama na Kalunde wamekaa uani wakisokota mkonge mapajani. Sikusalimu vizuri. Nilirusha ile karatasi yangu ya kipimo mbele yao nikauliza kama kuna mtu aliyeitazama.

"Tuliitazama," mama alisema bila haraka. "Tulikaa chini wote tukaijadili. Tukaona wewe umekosea."

"Nimekosea?"

"Mtu ameacha watu wake, amelipa, ameketi mbele. Halafu unampelekea mkate mmoja ndani ya kitu kama kikombe cha mtoto. Tangu lini mgeni akahesabiwa mkate?"

Kalunde hakuinua macho kutoka kwenye uzi. "Kwetu Kyuso hata mwaka wa njaa mgeni anawekewa chombo kikubwa," alisema. "Kilichomo kinaweza kuwa kidogo. Chombo hakiwi kidogo."

Niliwaambia kwa sauti ambayo mpaka leo inanitia haya kwamba ndege si nyumba ya mtu, kwamba trei haina nafasi, kwamba wameniharibia kazi. Nilisema wameharibu miaka kumi na miwili yangu. Kalunde aliacha kusokota.

"Kama trei haina nafasi, usiweke kwa trei," mama alisema. "Kwani huna mikono?"

Niliketi kwenye kigoda nikiwa nimewapa mgongo. Baada ya muda mama aliingia jikoni akaleta chai, na viazi vitamu vya kuchemsha ndani ya kiondo. Alisimama mbele yangu akakishika. Nilichukua kiazi kimoja kwa hasira. Alibaki amesimama. Nikachukua cha pili kwa sababu niliona aibu kumwacha hivyo. Bado alisimama. Ni pale nilipoondoa mkono kabisa ndipo alipogeuka kumpelekea Kalunde, na kwa Kalunde akasimama vilevile. Nilikuwa nimeyaona hayo tangu nizaliwe na sikuwahi kuyatazama. Wakati huo nilikuwa nimefundishwa kumwekea abiria kitu na kuondoka ndani ya sekunde nne.

Nilimaliza viazi vyangu kisha nikawaomba msamaha, Kalunde kwanza. Alisema anataka tu kujua kama vikapu vyake vitapanda au vitarudi na lori. Nilimwambia sijui.

Jumatatu nilisimama mbele ya meza ya Meneja. "Nipe safu mbili za mbele," nilisema. "Zile zingine weka plastiki."

"Na nafasi ya trei?"

"Hakitakaa kwa trei. Nitakishika."

Alinitazama kama mtu anayetafuta alama ya inchi usoni mwangu. "Safu mbili," alisema. "Wakikataa, ndio mwisho."

Safari ya majaribio ilikuwa ya mzunguko wa saa moja, na wageni walikuwa wateja wetu wa mara kwa mara. Nilichagua kikapu cha Kalunde, nikatandika kitambaa cheupe, nikapanga skonzi zikiwa moto, aina tatu. Abiria wa kwanza alichukua moja akashukuru. Wa pili moja, akashukuru. Walikuwa wamezoea kuhesabiwa. Meneja alikuwa safu ya tatu, ana skonzi yake katika plastiki, akinitazama mgongo.

Kwenye kiti cha nne alikaa mzee wa Mwingi, Mwislamu ambaye jamaa zake walitoka kaskazini mashariki zamani. Aliuza mifugo na alisafiri mara nyingi kwenda Uarabuni kwa kazi hiyo. Alichukua skonzi moja akaangalia usoni kwangu. Sikusogea. Akachukua ya pili polepole, akaangalia tena. Sikusogea. Akachukua ya tatu, akaanza kucheka kifuani.

"Wewe mama, umetoka wapi?"

"Nunguni, mzee."

"Nilijua wewe si mtu ya mjini." Aliongea kwa sauti ya mtu aliyezoea soko la mbuzi, na kila mtu akasikia. "Mimi napanda hii ndege kila mwezi. Kila mtu akinipatia kitu anakimbia kama nimemkopa. Wewe umesimama. Sasa ndio nimekaribishwa."

Aliyekuwa upande wa pili wa njia aliniita nirudi. Kisha yule wa kwanza kabisa. Nilipofika tena jikoni kikapu kilikuwa kitupu, nikakijaza, na nilipotoka nikakuta mkono umeinuliwa safu ya tatu. Ulikuwa wa Meneja. Nilisimama mbele yake nikamngoja. Alichukua moja, akasita, akachukua nyingine, na plastiki yake ikabaki haijafunguliwa.

"Vyote mia mbili tutavitumia," aliniambia tulipotua. "Vitachakaa, na watasuka vingine."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa pasa. Nilipiga simu kwenye duka la Nunguni na mwenye duka akamtuma mtu kwa mama. Mama aliporudisha simu nilimwambia vimepanda. Aliuliza kama walishiba.

Mwezi uliofuata sheria mpya iliandikwa katika kitabu cha huduma: mhudumu asiondoe kikapu kabla abiria hajaondoa mkono. Haikutaja jina la mtu. Nilinuna wiki nzima, maana nilidhani wangeandika hata Nunguni tu. Halafu nikaona wahudumu wa Kisumu na wa Meru wanasimama kama mama yangu bila kumjua, na hasira ikaisha yenyewe.

Miaka ya tisini nilihamishiwa mafunzo. Nilifundisha katika chumba kilekile, na niliwarudisha wengi mlangoni. Mambo yalibana. Kila mwaka palikuja bosi mpya na orodha ya vitu vya kuondoa: maua yakaondoka, menyu iliyochapishwa ikaondoka, taulo zikawa za karatasi. Mara mbili walitaka kuondoa vikapu warudishe skonzi ya plastiki. Mara mbili niliwaambia wakae kitini, nikawaletea kikapu, nikasimama. Ni vigumu kutia saini ya kufuta kitu wakati mkono wako umo ndani yake. Vikapu vilibaki, angalau mpaka nilipostaafu, na mwethya wa Nunguni uliendelea kuvisuka, mabinti wakipokea mahali pa mama zao.

Ninyi mlioingia kazi hii sasa mna viti vinavyolala kama kitanda na skrini kwa kila abiria. Sivionei wivu, ninavipenda; ningekuwa na kiti kama hicho mgongo wangu usingeniuma hivi. Ninachoomba ni kwamba msidhani starehe huletwa na fundi wa viti peke yake. Mtu hustarehe akijua hajaharakishwa. Hilo halina inchi, na mnaweza kulitoa hata kama mabosi wamewaachia chai na mkate tu.

Nilipostaafu, mwishoni mwa miaka ya tisini, shirika lilinipa tiketi mbili za daraja la biashara. Nilimpeleka mama Mombasa kwa safari ya asubuhi. Alikuwa hajawahi kupanda ndege. Kalunde angekuja pia, tulikuwa tumemwahidi, lakini tulimzika mwaka mmoja kabla. Mama alivaa leso mpya, akakataa kuegemea kiti akisema kitachoka.

Msichana aliyetuhudumia nilimfundisha mwenyewe. Alikuja na kikapu, akanyooka, akakishika mbele ya mama. Kilikuwa cha zamani, kimekuwa cheusi ukingoni kwa kushikwa. Mama hakuchukua skonzi. Alifunua kitambaa, akazisogeza skonzi pembeni moja moja, akapitisha vidole chini mpaka katikati ya kitako. Vidole vikasimama.

"Lile fundo," alisema. "Ni Kalunde."

Aliinamisha kichwa, mkono wake ukiwa bado ndani ya kikapu. Nyuma yetu watu walikuwa wanangoja chai. Nilimtazama yule msichana. Hakuuliza kitu, hakuangalia saa. Alisimama palepale, ameshika kikapu kwa mikono miwili, akangoja.